Kelele za jirani: Ziba mianya kabla ya kununua sponji

Imepokewa kutoka kwa Abu Said al-Khudri (RA), katika mkusanyiko wa Abu Daud, kwamba Mtume (SAW) akiwa katika itikafu msikitini aliwasikia watu wakisoma Qur'an kwa sauti za juu. Alifunua pazia, akawakataza wasiudhiane wala kupandishiana sauti. Ikiwa kisomo chenyewe kimewekewa mpaka ili kisimsumbue mwingine, vipi redio, runinga na spika za harusi?

Hata hivyo, si kila jirani huuchunga mpaka huo. Katika nyumba za kupanga ambazo vyumba vyake hutazamana katika ukumbi mmoja, familia nyingi hulala kwa taabu. Mtoto hushtuka, mgonjwa hukosa utulivu, na anayetaka kuamkia Alfajiri hupata usingizi adhana ikiwa karibu. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kuwa sauti ya mfululizo katika chumba cha kulala isizidi desibeli 30. Mazungumzo ya kawaida hufika takriban desibeli 60.

Sauti hupita wapi?

Wengi hukimbilia kubandika sponji au trei za mayai ukutani. Vitu hivyo hupunguza mwangwi wa ndani ya chumba, lakini ni vyepesi mno kuzuia sauti itokayo kwa jirani; tena hushika moto upesi. Kinachozuia sauti ni uzito wa ukuta na kutokuwa na mianya.

Chukua ukuta wa urefu wa mita 3 na kimo cha mita 2.7, unaopunguza sauti kwa desibeli 40. Ukiachwa uwazi wa sentimita 3 juu yake, ambao ni kama asilimia 1 tu ya eneo la ukuta, kinga hiyo hushuka hadi takriban desibeli 20. Kwa hiyo, fedha ya kwanza iende kwenye mianya.

Pa kuanzia

Anza juu. Katika nyumba nyingi ukuta wa kati huishia usawa wa dari, na sauti huvuka darini hadi chumba cha pili. Upandishwe kwa tofali hadi kwenye bati, na nafasi zilizobaki zizibwe kwa saruji na mchanga. Ukuta wa tofali upigwe lipu pande zote mbili, kwa kuwa tofali tupu lina vitundu vingi.

Fuata mlango. Mlango wenye uwazi ndani hupitisha sauti kuliko wa mbao ngumu. Bandika mpira kuzunguka fremu na uzibe nafasi ya chini. Madirisha ya luva hayafungi kikamilifu. La kioo kizima lenye mpira ni bora zaidi.

Mdundo mzito wa muziki ni mgumu kuzuilika, kwani hutikisa ukuta wenyewe. Dawa yake iko kwa jirani: aondoe spika ukutani na aiweke juu ya kitu laini. Vishindo vya ghorofa ya juu navyo hupunguzwa na zulia la huko juu.

Tahadhari

Usizibe chumba kiasi cha kukosa hewa. Acha dirisha la upande usio na kelele. Kamwe usiwashe jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa: hewa ya sumu itokayo humo haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Mpangaji asibomoe wala kujenga bila idhini. Akubaliane na mwenye nyumba kwa maandishi nani atalipa, na kama gharama itakatwa kwenye kodi.

Kuzungumza na jirani

Jirani aendewe mchana, kwa staha, si usiku wakati wa hasira. Aombwe jambo mahususi: kuhamisha spika, au kupunguza sauti baada ya Isha. Ikishindikana, liko ofisi ya serikali ya mtaa. Na kwa baa au karakana, Tanzania Bara ina kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2015, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) hupokea malalamiko.

Kabla ya kwenda huko, kila familia isimame nje ya mlango wake usiku na kusikiliza sauti itokayo kwake. Nasi pia ni majirani wa watu, na haki tunayoidai tunadaiwa.