Istilahi za Upandikizaji wa Viungo Mbele ya Waandishi wa Habari

Upandikizaji wa figo ulianza nchini Tanzania mwezi Novemba 2017, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam. Tangu hapo habari za tiba hiyo zimetoka hospitalini zikaingia magazetini, na kila aliyezipitisha, awe daktari, afisa habari au mfasiri, ameziongezea neno lake. Katika makala haya tunakusudia kuchambua maneno manne, kwani neno lisilofaa hapa haliharibu sentensi tu, bali huweza kuvunja imani ya jamaa kwa madaktari.

Kupandikiza. Neno hili limetoka shambani, ambako mche hung'olewa kitaluni ukapandwa mahali pengine. Linafaa, kwa kuwa figo nayo huhama ikiwa hai, ikashika au ikakataliwa na mwili. Angalizo ni moja: daktari ndiye apandikizaye, mgonjwa hupandikizwa, ndugu hutoa. Kichwa cha habari kisemacho "Kaka ampandikiza dadake figo" kimemfanya kaka kuwa mpasuaji.

Mtoaji. Wengine husema mfadhili, neno linalomkumbusha msomaji fedha na misaada ya miradi. Wengine husema mchangiaji, kwa kuiga uchangiaji wa damu. Lakini damu hukusanywa ya wengi ikawekwa akiba, ilhali figo hutoka kwa mtu mmoja ikamwendea mmoja. Twapendekeza mtoaji, na kwa upande wa pili mpokeaji.

Kuvuna. Waganga wa Ulaya na Marekani wamezoea kusema kwamba viungo "huvunwa". Kwa Mswahili, mtu huvuna alichokipanda, na husubiri kiive. Mfiwa akisoma kwamba nduguye amevunwa, ataona alikuwa akisubiriwa afe. Kuondoa kiungo kwatosha.

Kifo cha ubongo. Vigezo vya dhana hii vilipendekezwa mwaka 1968 na kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Maana yake ni kwamba ubongo wote, pamoja na shina lake, umekoma kufanya kazi wala hautarejea. Moyo huweza kuendelea kupiga kwa muda kwa sababu mashine inasukuma hewa mapafuni. Huku si kupoteza fahamu, ambako mtu angali hai. Katika nchi ambazo sheria inakitambua kifo hiki, msemaji akiwaambia waandishi kuwa "mashine inamweka hai", kisha akaongeza kuwa viungo vimeondolewa, amesema bila kukusudia kwamba madaktari wameua. Na aseme: "Amefariki, mashine inaendeleza mapigo ya moyo tu."

Twawashauri wasemaji wa hospitali waziandike istilahi hizi pamoja na fasili zake, wawagawie waandishi kabla ya mazungumzo kuanza. Mwandishi aliyepewa neno sahihi mapema hana haja ya kujibunia lake usiku gazeti likisubiriwa mitamboni. Wasomaji wenye maoni juu ya mapendekezo haya wanakaribishwa kutuandikia.