Asiyefika kikaoni hutafutwa

Mwanamume aliyezeeka Pemba ana pa kukaa. Alaasiri hutoka na bakora yake hadi barazani, akakuta bao, kahawa na wenzake wanaobishana juu ya bei ya karafuu. Bibi wa rika lake hana baraza hiyo. Hubaki uani na ukili wake, watoto wote wamevuka bahari: mmoja yuko Unguja, mwengine Dar es Salaam, wa tatu Muscat. Chakula pengine anacho. Anachokosa ni mtu wa kushtuka kwamba leo mlango wake haujafunguliwa.

Uingereza ilipomteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018, wapo waliocheka huku kwetu, wakidhani hayo ni maradhi ya Wazungu. Pemba haina waziri huyo. Ina hisa.

Vikundi vya hisa, vya kuweka na kukopa, vililetwa Visiwani na shirika la CARE, vikaanzia upande wa Jozani, Unguja, kisha vikavuka hadi Pemba. Mtindo wenyewe ulizaliwa Niger mwaka 1991, miongoni mwa wanawake wa Maradi. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na sanduku analala nalo mtu wa nne. Kila hisa inayonunuliwa hugongewa muhuri kwenye kitabu cha mwanachama, hivyo hata asiyejua kusoma hujua chake kwa kuhesabu mihuri. Mwisho wa kikao salio hutajwa kwa sauti, kila mtu aondoke nalo kichwani. Hapo wazee hawana mpinzani: bibi aliyehifadhi juzuu chuoni tangu utotoni hashindwi na tarakimu moja ya wiki.

Halafu kuna faini. Asiyefika bila udhuru hutozwa. Watu wa fedha huiona faini kuwa adabu ya mkopo; mimi naona ndiyo dawa yenyewe. Huwezi kumtoza mtu kabla hujajua kwa nini hakuja, na ili ujue, lazima mtu aende akapige hodi. Akikutwa anaumwa, faini husahaulika, na mfuko wa jamii, ule unaochangiwa pembeni ya hisa, ndio hufunguliwa.

Lakini tusivipake vikundi hivi asali. Kikundi kinachokopesha humwogopa asiye na kipato, na kipato cha bibi wa pwani ni mwani. Siku mgongo unapokataa kuinama majini, pesa hukatika, na kikao nacho humponyoka, mara nyingi kwa aibu yake mwenyewe kabla hajaambiwa neno.

Kilichogeuza hesabu ni Pensheni Jamii. Aprili 2016, baada ya Jumuiya ya Wastaafu na Wazee Zanzibar, JUWAZA, kuipigania kwa muda pamoja na shirika la HelpAge, Serikali ya Mapinduzi ilianza kumlipa kila Mzanzibari aliyefika miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Baadaye ikapanda hadi 50,000. Haimalizi mwezi jikoni, ila inanunua hisa. Mwenye pensheni anaweza kuingia kikaoni kama mwanachama, na mwanachama hukopa, hupiga kura na hugomba salio likipotoka. Hata siku za malipo, pesa zilipokuwa zikitolewa mkononi katika vituo vya shehia, wazee walipata pa kuonana. Foleni ilikuwa ndefu na habari za mji mzima zilipita humo.

Aliyebaki nje ni mwenye miaka 63 aliyeacha mwani na ana saba ya kungoja. Yuko pia ambaye miguu imegoma: pensheni anayo, kikao hakifikii. Huyu wa pili hahitaji bajeti. Kikundi cha watu 20 au 25 kinaenea katika ua wowote, na hakuna kanuni ya hisa inayokataza sanduku kufunguliwa nyumbani kwake.