Degedege: Je, ni Ndege wa Usiku?

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia jambo linalojulikana karibu katika kila nyumba ya pwani yetu, kuanzia Pangani na Muheza hadi Mkinga. Mtoto ameshinda na homa. Usiku macho yanageuka, meno yanakazana, mikono na miguu inatupwatupwa, povu linatoka mdomoni. Mara nyumba nzima inalia: "Degedege!"

Wazee wetu walilieleza jambo hili kwa njia yao. Walisema yupo shetani mwenye umbo la ndege, apitaye usiku wa mbalamwezi. Kivuli chake kikimwangukia mtoto mchanga, mtoto hushikwa. Wenzetu wa pwani ya Kenya wanaye ndege kama huyo, nao humwita nyuni. Watafiti waliozungumza na akina mama wa wilaya ya Bagamoyo walikuta imani hiyo hiyo, wakaiandika mwaka 1996. Tiba zake pia zinajulikana: kumfukiza mtoto kwa moshi wa kinyesi cha tembo, kumwogesha mkojo, kumvika hirizi. Na juu ya yote lipo onyo kwamba mtoto wa degedege asipigwe sindano, maana akichomwa atakufa.

Haifai kuwacheka wazee. Walichokiona ni kweli. Ugonjwa upo, huja na homa, na huua. Swali letu ni moja tu: unasababishwa na nini? Swali hili linaweza kupimwa, na limepimwa hapa hapa pwani.

NDEGE AU MBU?

Mwaka 1880 daktari Mfaransa, Alphonse Laveran, akiwa Algeria, aliona vijidudu vya malaria katika damu ya mgonjwa. Mwaka 1897 Mwingereza Ronald Ross, akiwa India, alivikuta ndani ya mbu. Leo tunajua kwamba malaria ikiwa kali, chembe za damu zenye vijidudu hivyo hunasa katika mishipa midogo ya ubongo. Mtoto hupata degedege, na asipotibiwa hupoteza fahamu.

Mtu anaweza kusema: "Mbona watoto wengi wa pwani wana vijidudu katika damu, nao wanacheza uwanjani?" Ni swali zuri. Kuona vijidudu katika damu ya mtoto mmoja hakutoshi kuwa ushahidi. Yafaa kufanya jambo jingine: kumwondoa mbu, kisha kuangalia kinachotokea.

Jambo hilo lilifanyika Kilifi, pwani ya Kenya, katika miaka ya 1990. Sehemu za wilaya zilichaguliwa kwa kura. Nyingine zilipewa vyandarua vilivyotiwa dawa ya kuua mbu, nyingine zikasubiri kupewa baadaye. Watafiti wakahesabu watoto wote wa pande zote mbili. Matokeo yalitangazwa mwaka 1996. Penye vyandarua, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 33, na watoto waliolazwa kwa malaria kali walipungua kwa asilimia 44.

Tafakari, ndugu msomaji. Dawa ile ni ya kuua mbu. Kama mtoto angekuwa anashikwa na kivuli cha ndege, dawa ya mbu ingemsaidiaje?

KWA NINI MGANGA HUONEKANA KUPONYA

Mama atasema: "Lakini mtoto wangu alifukizwa, akanyamaza. Nimeona kwa macho yangu." Hasemi uongo. Ila degedege nyingi hukoma zenyewe baada ya dakika chache, hata kama hakuna aliyefanya lolote. Mpaka mtu atoke nje, amwamshe jirani, atafute makaa na kuwasha moshi, degedege limekwisha. Moshi hupata sifa ya kazi ambayo haukuifanya, na homa hubaki mwilini ikisubiri.

Hata Kanisa letu hupima kwa uangalifu namna hii. Kule Lourdes, Ufaransa, ipo tangu mwaka 1883 ofisi ya madaktari wanaochunguza habari za wagonjwa waliopona. Huuliza: Je, ugonjwa ulikuwa mzito kweli? Je, mgonjwa alipona ghafla na kwa kudumu? Je, kuna dawa iliyomponya, au ugonjwa ungeweza kwisha wenyewe? Katika habari zaidi ya 7,000 zilizoletwa, zilizotangazwa na maaskofu kuwa miujiza ni sabini na kidogo tu. Ikiwa Kanisa hupima hivyo mambo ya imani, nasi tusione vibaya kuuliza maswali hayo hayo juu ya moshi na hirizi.

KWA NINI SINDANO HUONEKANA KUUA

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Mtoto hushikwa na degedege siku ya kwanza. Hupelekwa kwa mganga, kisha kwa mganga wa pili. Siku ya tatu, akiwa hana fahamu, analetwa hospitali, anachomwa sindano, na usiku ule anafariki. Kijijini husemwa kwamba sindano imemuua. Zile siku za kuchelewa hazihesabiwi. Na yule mtoto wa jirani aliyewahishwa, akachomwa sindano, leo yuko darasa la pili, habari zake hazisimuliwi kwa sababu hazina msiba.

Ndiyo maana inatupasa kuhesabu watoto wote, waliopona na waliokufa. Kati ya mwaka 2005 na 2010 walihesabiwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, na Hospitali Teule ya Muheza ilikuwa mojawapo ya mahali pa utafiti huo. Kwa kura, wengine walitibiwa kwa sindano za kwinini na wengine kwa sindano za artesuneti. Katika kila watoto 1,000 wa kwinini walifariki 109. Kwa artesuneti walifariki 85. Kwa hiyo katika kila watoto 10 wagonjwa mahututi waliochomwa sindano, karibu 9 walinusurika. Kwa ushahidi huo, artesuneti ndiyo sindano inayotumika leo kutibu malaria kali.

MTOTO AKISHIKWA, FANYA HIVI

1. Mlaze ubavu, juu ya mkeka, mbali na moto. Legeza nguo shingoni.

2. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Usimkandamize wala kumfunga.

3. Usimnyweshe kitu, hata dawa, mpaka azinduke kabisa. Chochote unachompa kinaweza kuingia mapafuni.

4. Usimfukize. Moshi humzidishia shida ya kupumua.

5. Tazama saa. Degedege likizidi dakika 5, likirudi tena, au mtoto asipozinduka, hiyo ni hatari kubwa.

6. Hata likikoma, mpeleke zahanati au hospitali saa ile ile. Usingoje asubuhi. Akizinduka na kuweza kumeza, mnyonyeshe njiani, maana sukari mwilini huweza kushuka.

7. Zahanati ikimpa dawa ya kuanzia na kuwaambia mwende hospitali, endeleeni na safari. Dawa hiyo ni ya kumfikisha tu, matibabu yenyewe yanaendelea hospitali.

Kumbukeni pia kwamba si kila degedege ni malaria. Homa ya uti wa mgongo, kifafa, na homa za magonjwa mengine huweza kulileta. Kwa hiyo mtoto apimwe kwanza. Tone moja la damu ya kidoleni hutoa jibu la malaria kwa muda wa dakika 15 au 20 hivi.

Katika jumuiya zenu ndogo ndogo, zungumzeni jambo hili kabla halijatokea. Nani ana pikipiki? Nani ataazima nauli usiku? Nani atabaki na watoto wengine? Waiteni na bibi na babu katika mazungumzo hayo, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wanaoamua mtoto aende wapi kwanza. Naye mganga wa kijijini aelezwe kwa heshima, ili mtoto mwenye homa akifikishwa kwake usiku, neno lake la kwanza liwe: "Mwahisheni hospitali."

Na jioni ya leo, kabla ya kulala, tazama chandarua cha mtoto. Kama kina tundu, kishone.