Kwa Nini Siku Saba za Mapumziko? Dawa Zinazozuia Seli za Saratani Kugawanyika

Bibi mmoja wa jamaa zetu alinijia juzi na kisanduku cha dawa ya saratani ya titi. "Mwalimu," aliniuliza, "mbona nimeambiwa ninywe siku 21, kisha niache siku 7? Au wananibania?" Alikuwa amekwisha azimia kuzinywa mfululizo. Swali lake lastahili jibu.

Mwili hukua na kujirekebisha kwa seli kugawanyika. Kabla ya kugawanyika, seli hupita penye mlango wenye bawabu, nayo ni protini iitwayo Rb. Vimeng'enya viwili, CDK4 na CDK6, ndivyo vimwondoavyo bawabu huyo. Katika saratani nyingi za matiti zinazochochewa na homoni, vimeng'enya hivyo havitulii, na mlango hubaki wazi usiku na mchana.

Siri ya vimeng'enya vya namna hii ilifumbuliwa katika viumbe duni. Leland Hartwell na Paul Nurse walichunguza jamii za hamira. Tim Hunt, mwaka 1982, alichunguza mayai ya yule mnyama wa baharini mwenye miiba awachomaye wavuvi wetu miguuni. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Dawa ya kwanza ya kuzuia CDK4 na CDK6, palbosiklibu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2015. Mwaka 2017 zikafuata ribosiklibu na abemasiklibu. Hutumiwa pamoja na dawa za kupambana na homoni. Hazifai kwa kila saratani, lakini huweza kuchelewesha ugonjwa usisonge mbele.

Na zile siku 7? Uboho wa mifupa nao hutengeneza seli nyeupe za damu kwa kugawanyika, na palbosiklibu huupunguzia mwendo. Asipopumzishwa mgonjwa hupungukiwa na askari hao, hata homa ikawa hatari. Ndiyo maana hupimwa damu. Abemasiklibu, kwa upande wake, hunywewa kila siku. Kila dawa ina kanuni yake.

Basi ukipata homa, ijulishe hospitali siku hiyo hiyo. Jiepushe na balungi, na usimfiche daktari dawa za miti shamba. Kabla ya Ramadhani, mwulize kuhusu saumu. Mgonjwa amepewa ruhusa.

Bibi yule sasa anazihesabu siku zake kwenye kalenda ya ukutani.

Wabillahi tawfiq.