Kalemie: Nguo za avata bila kulipa hata franka moja

Huko Kalemie, mkoani Tanganyika, mtoto anayecheza Roblox kwenye simu ya mzazi hukuta nguo nyingi za avata zikiuzwa kwa Robux, pesa ya mchezo inayonunuliwa kwa pesa ya kweli. Na mega zenyewe tayari ni ghali.

Za bure zipo. Ndani ya duka la Roblox lenyewe, panga vitu kwa bei, ya chini kwanza: mashati, nywele na kofia zisizolipiwa hutangulia. Hapo haulizwi neno la siri.

Kurasa zinazoahidi Robux za bure ndizo huliuliza. Anayelitoa anaweza kunyang'anywa akaunti. Ukurasa ukidai pia namba ya siri ya M-Pesa, ufungwe papo hapo.