Digrii ya Uuguzi kwa Miezi 12? Ngoja Kwanza

Usiku mmoja wa mwezi wa tatu mwenzangu wa chumba aliniamsha kunionyesha video kwenye simu. Dada mmoja yuko Marekani, kavaa skrabu za bluu, anasema alikuwa na digrii ya historia tu, akaingia kozi ya uuguzi ya miezi 12, na leo ni nesi kamili. Mwenzangu yuko mwaka wa tatu kama mimi, ualimu, masomo ya sanaa. "Umeona?" akasema. "Tukimaliza hapa, mwaka mmoja tu mtu unakuwa nesi. Kuliko kukaa nyumbani kusubiri ajira za walimu."

Sikumcheka. Kila anayesoma ualimu wa sanaa hapa Malimbe ana kaka, binamu au jirani aliyehitimu siku nyingi na bado anauza viatu Makoroboi au anafundisha tuisheni kwa hela ya vocha. Ndiyo maana habari ya kuhamia afya inazungumzwa sana kwenye magheto ya Nyamalango, na kila mtu ana toleo lake. Mimi dada yangu ni muuguzi, yuko katikati ya safari ya digrii, na nimeona kwa karibu inavyomchukua. Kwa hiyo nimeandika haya kwa ajili ya mwenzangu wa chumba, na kwa yeyote anayetaka kutupa kozi yake kwa sababu ya video ya nusu dakika.

Tuanze na Marekani, maana yule dada hakudanganya. Kozi za aina hiyo zipo na zilianza zamani. Chuo Kikuu cha Saint Louis kilianzisha ya kwanza mwaka 1971, mwaka uleule Hospitali ya Bugando ilipofunguliwa juu ya kilima chetu hapa Mwanza. Mtu mwenye digrii ya fani nyingine anasoma uuguzi kwa miezi 12 mpaka 18 hivi badala ya miaka 4. Ila kilichopunguzwa siyo uuguzi. Digrii yao ya miaka 4 imejaa masomo ya jumla, kama lugha, historia na sayansi ya jamii, na mtu mwenye digrii ameshayasoma, kwa hiyo anasamehewa. Tena kabla hajapokelewa anatakiwa awe ameshafaulu anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia, mara nyingi na takwimu juu yake. Mtu wa historia ambaye hakuyasoma anakaa kwanza anayasoma, na hiyo sehemu kwenye video huwa haiingii. Ndani ya ile miezi yenyewe hakuna likizo ya maana, na vyuo vingi vinawashauri wanafunzi wasifanye kazi kabisa. Mwishoni unafanya mtihani wa leseni uleule wanaofanya wenzako wa miaka 4.

Sasa njoo kwetu. Hapa digrii ya uuguzi ni miaka 4, halafu kuna mwaka mzima wa mafunzo kazini, yale tunayoita intanishipu, na kuna mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mwanza tuna CUHAS pale Bugando, ambayo wengi hamjui kwamba ilianza mwaka 2003 kama chuo kishiriki cha SAUT yetu hii. Ukifungua mwongozo wa udahili wa TCU utakuta milango miwili mikubwa ya kuingilia uuguzi. Wa kwanza ni wa kidato cha sita, na hapo wanataka Kemia na Biolojia pamoja na somo kama Fizikia. Wa pili ni wa mwenye stashahada ya uuguzi aliyepata wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, na huyo naye bado wanaangalia cheti chake cha kidato cha nne kuona sayansi zake zilikuwaje. Mlango wa tatu, wa mtu mwenye digrii ya sanaa na ualimu ambaye anakatiwa miaka, haupo.

Mwenzangu aliposikia hivyo akafungua begi akatoa cheti chake cha kidato cha nne. Biolojia C. Kemia hakuna. Siyo kwamba alipata F, hakuifanya kabisa, na Fizikia vilevile. Wengi wetu tuko hivyo. Enzi zetu Biolojia ilikuwa ya lazima mpaka mwisho, lakini Fizikia na Kemia ukifika kidato cha tatu unaruhusiwa kuziacha, na tuliziacha kwa furaha. Hapa naomba niseme kitu kama mwalimu mtarajiwa. Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa shule moja ya kata kando ya ziwa. Mwalimu wa Fizikia alikuwa mmoja, shule nzima. Kidato cha pili walipoulizwa wanataka kuchukua nini mwaka unaofuata, karibu darasa zima wakasema sanaa, na kwenye karatasi ikaandikwa kwamba wamechagua. Mtoto wa miaka 15 ambaye hajawahi kuona jaribio hata moja la Kemia amechagua nini hapo? Siku akiwa na miaka 22, anaangalia video usiku, ndiyo anajua kwamba siku ile kuna mlango ulifungwa.

Mlango huo unafunguka tena, ila kwa gharama. Unajisajili NECTA kama mtahiniwa wa kujitegemea, usajili huwa mwanzoni mwa mwaka na mtihani ni Novemba, unarudia masomo unayoyakosa. Ukipata angalau D, unaomba stashahada ya uuguzi, miaka 3. Vyuo vya ngazi hiyo huku Kanda ya Ziwa vipo, kuna cha Bugando, kuna cha Sumve kule Kwimba ambacho ni cha siku nyingi. Tangu mwaka 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha na wa stashahada pia, na afya ni kati ya fani zilizopewa kipaumbele. Ila deni la digrii yako ya kwanza halisahauliki, liko palepale linakungoja. Mwenzangu akahesabu kwa vidole: mwaka mmoja wa kurudia mtihani, mitatu ya stashahada, minne ya digrii, mmoja wa intanishipu. Tisa. Akakaa kimya. Nikamwambia baada ya ile minne ya kwanza na leseni mkononi unaweza kuwa tayari unafanya kazi, na digrii ikaja baadaye. Ndivyo alivyofanya dada yangu.

Kwa sababu ya dada ndiyo najua mambo mawili matatu ya kwenye maombi ambayo yanaangusha watu wenye sifa zote. Mwenye stashahada haombi chuo kwa cheti tu. Anatakiwa awe na namba ya uhakiki kutoka NACTVET, wanaiita AVN, na haitoki kama chuo chako cha zamani hakijawasilisha matokeo yako. Dada alianza kufuatilia ya kwake mapema, wenzake wawili wakasubiri dirisha la udahili lifunguliwe, likafungwa wakiwa bado wanapiga simu. Jambo la pili, ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja unatakiwa uthibitishe kimoja kwa kodi unayotumiwa kwenye simu. Kama laini uliyojaza kwenye fomu umeshamwachia mdogo wako, pole.

Kitu kinachokaribia ile kozi ya video kipo Afrika Mashariki, lakini siyo cha watu wa sanaa. Chuo Kikuu cha Aga Khan kilianza mwaka 2001 kufundisha wauguzi walioko kazini Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, na mwenye stashahada anapata digrii kwa muda mfupi kuliko miaka 4, anahudhuria darasani siku mbili kwa wiki huku akiendelea na kazi. Dada aliitamani sana. Shida ni kwamba Dar siyo Nyegezi, na yeye ana mtoto. Lakini angalia mantiki, ni ileile ya Saint Louis. Aliyepunguziwa ni yule aliyekwisha lipa sehemu ya safari mbele, huku kwa miaka ya wodini, kule kwa miaka ya chuo kingine. Sijaona kozi inayompunguzia mtu ambaye hajalipa popote.

Basi dada akaingia kozi ya kawaida, darasa moja na vijana waliotoka kidato cha sita. Nilidhani atawakimbiza. Muhula wa kwanza akapata sapu mbili, Biokemia na Anatomia, na mtu mwenye sapu mbili anaanza kusikia harufu ya kudisko. Jioni moja alikuja gheto kwangu akakaa kitandani bila kuvua viatu. "Mdogo wangu," akasema, "wodini mimi ndiye nawaelekeza hawa watoto. Darasani wananiacha stendi."

Ukimwangalia ungesema kichwa kimechoka. Lakini nilipochora ratiba yake kwenye karatasi niliona kitu kingine. Alikuwa anafanya kazi hospitali binafsi ng'ambo ya Busisi. Bodi ya Mikopo haimkopeshi mtu mwenye ajira, na mwajiri wake siyo serikali kwamba angeomba ruhusa ya masomo mshahara ukaendelea, kwa hiyo ada alijilipia kwa kubakiza zamu za usiku, Ijumaa na Jumamosi. Mwaka wa kwanza alikuwa anavuka kwa kivuko. Ijumaa anatoka kwenye kipindi mbio, Jumapili asubuhi anasubiri kivuko na usingizi machoni, mchana anafua nguo za mtoto, jioni anafungua madesa. Hapo Biokemia itaingilia wapi? Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 lilimrudishia saa kadhaa kila wiki, na sitanii nikisema lilimsaidia kuliko kitabu chochote. Mimi nikachukua mtoto. Mpwa wangu ana miaka mitano, wikiendi analala kwetu Nyamalango, na boomu langu limejifunza kununua maziwa.

Lakini kilichomtoa kwenye sapu kilitoka kwa walewale watoto. Alijiunga na kundi la vijana wanne wa darasani kwake. Wao Kemia bado ilikuwa ya moto kichwani, wakamfundisha asidi amino kuanzia mwanzo kabisa bila kumcheka. Yeye akawafundisha kupima presha, kutandika kitanda mgonjwa akiwa juu yake, na namna ya kuongea na mama mwenye uchungu anayekutukana. Mwalimu wetu wa saikolojia ya elimu angefika hapa angesimama na kumtaja Vygotsky kwa dakika 20. Mimi nasema tu kwamba aliyekuwa anaona aibu kuulizia darasani, kwenye kundi alikuwa na kitu cha kubadilishana, na aibu ikaisha. Sapu zote mbili akazifuta.

Kingine ambacho sisi wa sanaa hatukijui ni kwamba uuguzi haupigiki msuli wa usiku mmoja. Sisi tukipata desa saa mbili usiku, kesho saa tatu tunajaza kijitabu. Wao wana mtihani wa vitendo unaoitwa OSCE. Unapita kituo hadi kituo, kila kimoja dakika chache, mtahini anakutazama na karatasi ya alama mkononi. Kituo kimoja unafunga kidonda, kingine unahesabu dozi, kingine kuna mtu anaigiza mgonjwa na unatakiwa umhoji. Kengele ikilia unahama, umemaliza hujamaliza. Ajabu ni kwamba hapa dada, mzoefu, ndiye aliyepoteza alama nyingi mara ya kwanza. Alichoma sindano vizuri sana, lakini hakujitambulisha, hakuomba ridhaa, na kunawa mikono alinawa mwishoni tu. Kazini zamu ikiwa na wauguzi wawili kwa wodi nzima, hatua hizo ndizo za kwanza kuliwa. Ilibidi afundishwe upya vitu ambavyo mikono yake ilikuwa inajua vibaya. Vijana wa kidato cha sita hawakuwa na mazoea ya kufuta.

Juu ya OSCE kuna zamu za mafunzo wodini, asubuhi, jioni na usiku, na kitabu ambacho kila kazi uliyoifanya lazima msimamizi aisaini. Hukuwepo, hakuna saini, na darasa la wikiendi la kufidia halipo. Mtu anayedhani atasoma uuguzi huku anaendesha duka Igoma aanze kwanza kujiuliza nani atakaa dukani saa nane usiku.

Mwenzangu wa chumba hajaacha chuo. Alienda mwenyewe Bugando kuuliza, akarudi na majibu yaleyale, safari hii akayaamini. Anamaliza digrii yake mwezi wa saba, na mwakani mwanzoni atajisajili Kemia na Fizikia. Sijui kama atafika, na yeye hajui, lakini ameshaazima kitabu cha Kemia cha kidato cha tatu kwa mtoto wa mama mwenye nyumba na anakisoma akiwa amekifunika gazeti kama sisi tulivyokuwa tunaficha riwaya. Ijumaa hii dada anaanza zamu za usiku wodi ya wazazi. Mtoto ataletwa saa kumi na moja jioni. Mwenzangu amesema yeye ndiye atakayepika, na kwamba dada akija Jumapili asimwache aondoke, ana maswali ya asidi na besi.