KUZIMA AU KUSITISHA? Istilahi za Kizuia-Mserereko cha Gari Safarini Katika Theluji

Kitabu cha maelekezo ya gari hakihesabiwi miongoni mwa maandishi yanayomletea mfasiri sifa. Hakina methali wala tamathali za usemi, na aghalabu hufunguliwa siku gari linapoleta matatizo. Hata hivyo, ni katika maandishi ya aina hii ambamo neno moja lisilofaa laweza kumdhuru msomaji siku ile ile alisomapo. Kwa sababu hiyo tumeonelea tuzieleze hapa istilahi za kifaa kimoja tu cha gari, pamoja na tendo moja tu linalokihusu: tendo la dereva wa gari la kulala safarini, aliyekwama katika theluji, anapokiondoa kazini kwa muda kifaa kinachozuia gari lisiserereke, ili apate kujinasua.

Huenda msomaji akauliza theluji ya Ulaya yatuhusu nini. Jibu ni kwamba wasemaji wa Kiswahili hawaishi tena Afrika Mashariki na Kati peke yake. Wapo wanaoishi na kuendesha magari Sweden, Ujerumani, Kanada na Marekani, ambako theluji huanguka kila mwaka. Tena, kifaa tunachokizungumzia kimo katika magari mengi yaliyokwisha kutumika yanayoingizwa kwetu kutoka Japani. Swichi yake i mbele ya dereva, ambaye pengine hajapata kuelezwa kazi yake kwa lugha anayoielewa vyema.

KAZI YA KIFAA

Haifai kubuni istilahi kabla ya kuielewa dhana. Gari linapofika penye kona, dereva hugeuza usukani, lakini kinacholigeuza gari hasa ni mshiko wa tairi na barabara. Mshiko huo ukipungua, moja kati ya mambo mawili hutokea: ama pua ya gari huendelea mbele ijapokuwa magurudumu yamegeuzwa, ama mkia hutoka nje ya njia na gari zima likaelekea kuzunguka.

Kifaa hiki hutegemea vihisi. Kimoja hupima pembe ya usukani, yaani kule dereva anakotaka kwenda. Kingine hupima jinsi gari lenyewe linavyogeuka. Vingine hupima kasi ya kila gurudumu. Kompyuta hulinganisha matakwa ya dereva na mwendo halisi wa gari. Mambo hayo yakihitilafiana, hufunga breki ya gurudumu linalohusika, bila dereva kukanyaga breki, na hupunguza nguvu ya injini. Pua ikikataa kugeuka, aghalabu hufungwa breki ya gurudumu la nyuma lililo upande wa ndani wa kona. Mkia ukitoka, hufungwa ya gurudumu la mbele lililo upande wa nje.

Msingi wa kifaa hiki ni breki zisizofunga magurudumu, ambazo kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuziuza mwaka 1978. Mwaka 1995 Bosch na Mercedes-Benz zilileta kifaa kamili. Mwaka 1997 gari dogo lenye kimo kirefu, A-Class la Mercedes-Benz, lilipinduka nchini Sweden katika jaribio la kukwepa kizuizi cha ghafla, na baada ya hapo kampuni ilikiweka kifaa hicho katika magari yote ya aina hiyo. Umoja wa Ulaya ulikifanya cha lazima kwa aina mpya za magari tangu Novemba 2011, na kwa magari yote mapya tangu Novemba 2014. Tukio la 1997 lina funzo kwa mada yetu, maana gari la kulala nalo lina kimo kirefu, na mizigo yake mingine hukaa juu.

KWA NINI KIONDOLEWE KAZINI?

Kwa makadirio, mshiko wa tairi juu ya lami kavu hufikia kama 0.8 ya uzito unaolikalia gurudumu. Juu ya theluji iliyoshindiliwa hushuka hadi 0.2 au 0.3, na juu ya barafu hufika 0.1 au chini yake. Magari mengi ya kulala ya Ulaya hujengwa juu ya gari la mizigo kama Fiat Ducato, ambalo kwa kawaida husukumwa na magurudumu ya mbele. Gari hilo laweza kufikia kilo 3,500 likiwa na vitanda, jiko na matangi ya maji, na sehemu kubwa ya uzito huo ikawa nyuma. Likisimama penye mwinuko, uzito huzidi kuelekea nyuma, na magurudumu yanayopaswa kulivuta hubakiwa na mzigo mdogo.

Dereva akikanyaga mafuta, magurudumu ya mbele huzunguka bila kushika. Hapo kompyuta hupunguza nguvu ya injini ili mzunguko huo wa bure ukome. Juu ya lami iliyolowa maji jambo hilo ni la heri. Katika theluji yenye kina laweza kuwa balaa dogo: dereva anakanyaga mafuta, injini inanyong’onyea, na gari halitoki. Yafaa basi magurudumu yaruhusiwe kuzunguka kidogo, ili mifereji ya tairi iiteme theluji iliyojaa ndani yake na kupata pa kushika, au ili dereva alisukesuke gari mbele na nyuma mpaka lipande juu ya kingo za shimo lililolimeza. Vitabu vya baadhi ya magari huelekeza kufanya hivyo hata pale magurudumu yanapofungwa minyororo.

Faida hiyo ina mipaka myembamba. Magurudumu yakizunguka mno, huchimba na kuisugua theluji mpaka ikawa barafu, na hali ikawa mbaya kuliko ilivyokuwa. Gari likisha kutoka, dereva anayeendelea na safari bila kukirudisha kifaa kazini anateremsha mlima gari refu na zito katika barabara yenye mshiko wa 0.2, naye hana msaidizi wa kulizuia mkia usitoke. Hapa ndipo penye hatari, na hapa ndipo istilahi inapopaswa kufanya kazi yake.

ISTILAHI ZINAZOPENDEKEZWA

(a) Gari lenyewe. Wako wanaolitafsiri kuwa “msafara” kwa kuchanganywa na neno la kigeni linalotaja kundi la wasafiri na pia nyumba ndogo inayokokotwa. Msafara kwetu ni watu waendao pamoja, hauna magurudumu. Tunapendekeza “gari-nyumba”, kwa mfano wa mbwa-mwitu na askari-kanzu: neno la kwanza lataja jinsi, la pili lataja sifa. Nyumba inayokokotwa na gari jingine ibaki kuitwa “karavani”.

(b) Theluji na barafu. Theluji ni neno lenye asili ya Kiarabu. Barafu lina asili ya Kiajemi, na huko Uajemi maana yake ni theluji. Kiswahili kimeyatenga mawili hayo kwa faida yake: theluji huanguka kutoka mawinguni, na barafu ni maji yaliyoganda. Mfasiri asiyachanganye, kwa kuwa ushauri tunaoueleza wahusu theluji yenye kina. Juu ya barafu tupu, kuyaacha magurudumu yazunguke hakusaidii, maana hakuna kitu chini yake cha kushika.

(c) Jina la kifaa. Tafsiri inayomjia mtu upesi ni “udhibiti wa uthabiti”. Kisarufi haina ila. Walakini, maneno hayo mawili, ambayo asili zake katika Kiarabu ni mbalimbali, yamekaribiana mno kwa sauti. Na wasemaji wetu wengi hawatofautishi dh na th. Mwalimu wa udereva akilitamka darasani, mwanafunzi atasikia neno moja lililorudiwa, au atadhani linahusu kuthibitisha. Isitoshe, uthabiti haumwonyeshi dereva kitu chochote awezacho kukiona. “Utulivu” nao waelekea zaidi kwenye tabia ya mtu kuliko mwendo wa gari.

Tumependelea kuanzia kwenye kile kinachozuiwa. Kiswahili kinavyo vitenzi viwili vinavyofaa: kuteleza na kuserereka. Katika mazungumzo ya kila siku huingiliana, lakini istilahi yaweza kuvigawia kazi. “Mtelezo” uwe ni wa gurudumu linalozunguka bila kushika. “Mserereko” uwe ni wa gari zima linalokwenda upande lisikoelekezwa. Kutokana na hayo twapata vifaa viwili, kizuia-mtelezo na kizuia-mserereko, kwa umbo lile lile lililotupa kipaza-sauti, kinasa-sauti na kipima-joto. Wingi wake ni vizuia-mtelezo na vizuia-mserereko.

Mgawanyo huu si wa pambo. Katika baadhi ya magari, kubonyeza swichi mara moja huondoa kazini kizuia-mtelezo peke yake, na kuishikilia kwa sekunde kadhaa huondoa na kizuia-mserereko. Aliyekwama anahitaji lile la kwanza. Mfasiri aliyeviita vyote viwili kwa jina moja amemnyima dereva uwezo wa kuchagua. Breki zisizofunga magurudumu, kwa upande mwingine, kwa kawaida huendelea na kazi hata swichi hii ikibonyezwa. Lisemwe hilo waziwazi.

(d) Kitenzi. Je, kifaa “huzimwa”? Neno hili lina kasoro mbili. Kwanza, chombo kilichozimwa twakitarajia kibaki hivyo mpaka mtu akiwashe. Kumbe kizuia-mserereko katika magari mengi hujirudisha chenyewe injini inapowashwa upya, na katika baadhi yake gari linapofikia mwendo fulani. Pili, injini nayo huzimwa. Tukiandika “ukizima na kuwasha tena, kizuia-mserereko hurudi”, msomaji hatajua azime nini: injini au swichi.

Twapendekeza “kusitisha”. Wananchi walikwisha kulizoea katika usitishaji wa mapigano, ambapo silaha zimenyamaza lakini vita vyaweza kurejea. Tunafahamu kwamba maofisini neno hilo hutumika pia kwa mkataba unaokatishwa moja kwa moja. Kwa hiyo katika maagizo liandikwe “kusitisha kwa muda”, na kinyume chake kiwe “kurudisha kazini”. Kuzima na kuwasha tuiachie injini na taa.

(e) Taa. Mtengenezaji ameweka taa yenye picha ya gari na mistari miwili iliyopindapinda nyuma yake. Ikimetameta wakati wa mwendo, kifaa kinafanya kazi wakati huo huo na barabara inateleza. Ikiwaka mfululizo pamoja na neno OFF, kazi imesitishwa. Ikiwaka mfululizo bila mtu kubonyeza kitu, kuna hitilafu. Mfasiri aandikaye “taa ikiwaka” kwa hali zote tatu huwa amemwambia dereva mambo matatu kwa sentensi moja. Tutofautishe “kumetameta” na “kuwaka mfululizo”.

ISTILAHI NDANI YA AGIZO

Tumezoea kuzipima istilahi katika orodha, neno la kigeni kushoto na la Kiswahili kulia. Kipimo hicho hakitoshi. Istilahi ya kitu chenye hatari ipimwe ndani ya sentensi ya agizo, kwa maswali matatu: ni kitu gani hasa kinachokoma, kinakoma kwa muda gani, na ni nani anayekirudisha. Tutazame agizo hili: “Katika theluji, zima udhibiti wa uthabiti.” Kila neno lina mwenzake katika lugha asilia, lakini sentensi haikujibu hata swali moja kati ya hayo matatu. Mwenye kuitii ataondoka nyumbani asubuhi, aone theluji, abonyeze swichi, kisha aende safari nzima bila kinga.

Tulinganishe na maagizo haya:

1. Gari likikwama katika theluji na injini ikakataa kuongeza nguvu, sitisha kwa muda kizuia-mtelezo.

2. Kanyaga mafuta polepole. Magurudumu yakianza kuchimba, acha. Tumia sepetu, mchanga au minyororo.

3. Gari likitoka tu, rudisha kizuia-mtelezo kazini. Hakikisha kwamba taa ya OFF imezimika.

4. Usiteremke mlima wala usiingie barabara kuu kabla ya kufanya hivyo.

Maagizo haya ni marefu kuliko asilia, na mhariri anayehesabu maneno huenda akanung’unika. Lakini urefu huo ni mipaka ya tendo, na mipaka ndiyo tafsiri yenyewe. Magari hayafanani: yapo ambamo swichi husitisha upunguzaji wa nguvu ya injini tu, na breki zikaendelea kulizuia gurudumu linaloteleza. Mfasiri hana budi akifuate kitabu cha gari linalohusika, wala asihamishe sentensi za kitabu kimoja kwenda katika kingine kwa kuwa swichi zao zafanana.

Walimu wanaweza kuzitumia istilahi hizi bila kuingoja theluji. Gari lililozama katika udongo mweusi wa mbugani wakati wa masika, au katika mchanga mkavu, huleta mtelezo ule ule na huhitaji uamuzi ule ule. Hali kadhalika, barabara ya lami inayofuata baada ya tope humtaka dereva awe amekwisha kukirudisha kifaa kazini. Watumishi wa idara zinazoandaa mafunzo ya udereva nao watafaidika kwa kuwa na neno moja kwa dhana moja katika maandishi yao yote.

Tunawaomba wafasiri, walimu na madereva wenye uzoefu wayajaribu mapendekezo haya kazini, na watuandikie. Watakaotufaa zaidi ni wale watakaotuletea sentensi kamili ya agizo, pamoja na maelezo ya jinsi msomaji wa kwanza alivyoielewa.